Kidagaa cha Nani? Tamathali ya Usemi katika Jina la Riwaya ya Ken Walibora

Riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilichapishwa mwaka 2012, na kwa miaka kadhaa ilikuwa kitabu cha lazima katika mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne nchini Kenya. Kwa sababu hiyo imechambuliwa sana, lakini mara nyingi kwa namna moja: tamathali za usemi huorodheshwa, kila moja ikapewa jina lake na mfano wake, kisha mhakiki akahamia sura inayofuata. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba orodha ya namna hiyo huliacha nje swali la msingi, yaani tamathali inafanya kazi gani katika hadithi. Mfano utakaochunguzwa ni jina la riwaya yenyewe, nalo litatazamwa kwa macho ya msomaji wa Kakamega, aliye mbali na bahari.

Hapana budi kuanza na majina ya wahusika, kwani ndiyo majazi yatajwayo kwanza madarasani. Mtemi Nasaba Bora, mtawala wa Sokomoko, amejitwalia ardhi ya watu kwa hila. Ubora wa nasaba yake ni kejeli. Ndugu yake, Mwalimu Majisifu, anasifiwa kwa kitabu ambacho mswada wake ni mali ya Amani. Kitoto kinachoachwa mlangoni mwa Amani kinapewa jina la Uhuru, nacho kinakufa kingali kichanga. Majina haya yana nguvu, lakini yana hasara pia: yanatoa hukumu kabla ya matendo. Msomaji akishasikia "Majisifu" hana la kugundua, ila anangoja kuthibitishiwa. Hapa riwaya inakaribia ngano, ambamo Fisi ni mlafi tangu mwanzo.

Jina la riwaya halifanyi hivyo. Kitenzi "-oza" kimewekwa katika kauli ya kutendea, sawa na "-fia" katika "mtoto amemfia". Katika miundo yote miwili hasara humwangukia mtu ambaye hakutenda lolote katika sentensi. Mtu huyo anawakilishwa na kiambishi "-m-", ambacho hakina nomino ya kukieleza. Nani ameozewa? Sarufi inakataa kujibu, na hadithi nzima ndiyo jibu. Kwanza msomaji humdhania Mtemi. Baadaye hutambua kwamba mswada ulioibwa una jina hilo hilo la Kidagaa Kimemwozea, na kwamba Majisifu ametia sahihi yake chini ya sentensi inayotabiri maangamizi yake mwenyewe. Kinaya hicho hakingewezekana kama jina lingemtaja mtu.

Ama kuhusu nomino, lugha ya siasa imezoea kuwaita wakubwa papa na wanyonge dagaa. Mbele ya Mtemi, Amani mchungaji wa ng'ombe na kitoto kilichotupwa ni dagaa tu. Ajabu ya sitiari hii ni kwamba papa anaangamizwa na dagaa aliyemdharau.

Wako wanaoshikilia kwamba tamathali za Kiswahili ni mali ya pwani, na kwamba mwandishi wa bara huziazima tu. Walibora, aliyefariki mwaka 2020, alitoka magharibi mwa Kenya, na riwaya yake ni hoja dhidi ya dai hilo. Dagaa wanaouzwa sokoni Kakamega hutoka Ziwa Viktoria kupitia Kisumu, mwendo wa kilomita 50 hivi, na wengi huwaita kwa jina la Kijaluo, omena. Hufika wamekaushwa, nao hupimwa kwa gorogoro. Hakuna anunuaye mmoja. Kwa msomaji wa huko, umoja wa neno "kidagaa" unashtua: ni nani ahangaikaye na kimoja? Lakini Kakamega ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi nchini, na mwenye kuuza omena anajua kwamba wachache wakilowa fungu zima huvunda. Hapo methali ya samaki mmoja akioza inakutana na nahau ya jina la riwaya, na maana inaongezeka: kioza cha mtawala mmoja hakibaki kwake, bali huenea Sokomoko nzima.

Inafuata kwamba sitiari haikupoteza maana kwa kusafiri kutoka pwani hadi bara. Ilipata maana ya pili kutokana na maisha ya wasomaji wapya. Mwanafunzi anayefundishwa kuandika "sitiari" pembeni mwa ukurasa na kuishia hapo ananyimwa maana hiyo, ingawa anayo tayari jikoni kwao. Kazi ya mwalimu wa fasihi ni kumwuliza kidagaa hicho ni cha nani, na kimeozaje. Jina la tamathali linaweza kuja baadaye.