Vita Baada ya Ushindi: Kiwewe, Bangi na Upungufu wa Tenzi

Fasihi ya Kiswahili ni tajiri wa vita. Tangu Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini hata Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada wa Henry Muhanika, uliochapishwa mwaka 1981, washairi wamehesabu majeshi na kupima haki ya kila upande. Lakini utajiri huo una upungufu mmoja: askari huachwa palepale bunduki inaponyamaza.

Majina ya tenzi yenyewe ni ushahidi. Shaaban Robert aliuita wake Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945. Mwaka huo wa mwisho umesimama kama ukuta. Muhanika naye alifanya anguko la Amin kuwa kikomo. Kwa dola, mipaka hiyo ni sahihi, maana adui ameshindwa. Kwa mtu aliyeshika bunduki, sivyo. Vita vyaweza kumfuata nyumbani, vikamwamsha usiku na kumtia hofu kwa kishindo cha mlango. Hali hiyo, ambayo leo huitwa kiwewe, iliingizwa na madaktari wa akili wa Marekani katika orodha yao ya maradhi mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam.

Jambo hili laonekana vema zaidi mahali kama Bahi, penye stesheni ya reli ya kati magharibi ya Dodoma, kuliko katika ramani za majemadari. Mwezi Julai 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Dodoma. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua wapagazi, ng'ombe na nafaka za Wagogo. Ikafuata njaa kuu ya miaka 1917 hadi 1920, iitwayo Mtunya. Yafaa mhakiki alitafakari jina hilo. Lilihifadhi miaka ile kama ilivyoonekana mlangoni pa nyumba, wala si kama ilivyoandikwa katika taarifa za ushindi. Hata hivyo, Mtunya ni jina la msiba wa umma mzima. Mpagazi mmoja aliyerudi na hofu yake hana hata ubeti.

Pasipo masimulizi huingia moshi. Askari mstaafu akosaye usingizi hutafuta cha kumtuliza, na huenda akaipata bangi kabla ya kumpata tabibu. Katika lugha ya kila siku, mvuta bangi ni jina la mhuni, na hadithi nyingi zimelipokea jina hilo bila kuuliza mtu huyo ametoka wapi. Sheria ya mwaka 2015 yaikataza bangi. Na Mirembe, hospitali ya akili iliyoko Dodoma, jina lake limefanywa mzaha vinywani mwa watu. Mgonjwa akiona jela upande huu na kicheko upande ule, atanyamaza.

Kumtetea mtu huyo si kuisifu bangi. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa askari wastaafu 80 wenye kiwewe. Baadhi yao walivuta bangi, wengine walivuta iliyoondolewa nguvu. Baada ya majuma 3 makundi yote yalipata nafuu, wala bangi yenye nguvu haikuishinda isiyo na nguvu.

Jaribio jingine, la Uganda ya kaskazini, matokeo yake yalitolewa mwaka 2011. Lilihusu vijana 85 waliopata kuwa askari utotoni. Wenyeji wasio madaktari, waliofunzwa kazi hiyo, waliwaongoza baadhi yao kusimulia maisha yao kwa mpango tangu kuzaliwa, kila tukio la kutisha likiwekwa mahali pake na wakati wake. Hao walipata nafuu kubwa kuliko wenzao. Hapa mhakiki hana budi kusimama, kwa kuwa kuyapanga matukio yaliyotawanyika hata yakawa habari moja ndiyo kazi ya mtunzi.

Hapana shaka atatokea wa kupinga, aseme ya kwamba utenzi uliumbwa kwa mashujaa, si kwa mzee aliaye gizani. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwana Kupona alitunga utenzi wake mwaka 1858 hali yu mgonjwa, akimwusia binti yake mambo ya nyumbani. Na hakuna asemaye kuwa bahari ya utenzi ilipungukiwa kwa hilo. Chombo kilichobeba wasia wa mama chaweza kubeba hofu ya askari.

Kweli, utenzi si hospitali, wala ubeti hauwi badala ya tabibu. Lakini mtu ambaye hajapata kusikia habari kama yake ikisimuliwa kwa heshima ataidhani kuwa aibu yake peke yake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Katika jambo hili mfichaji si mgonjwa tu. Fasihi nayo imemsaidia kuficha. Utenzi unaongojewa ni ule utakaoanza siku ya amani, pale stesheni ya Bahi, askari ashukapo garimoshi na kuanza safari ya kwenda nyumbani.