'Wazimu' katika Hojaji ya Wauguzi

Rasimu ya hojaji iliyoletwa ofisini kwetu inakusudia kupima mielekeo ya wauguzi kuhusu wagonjwa waliolazwa ambao fahamu zao zimevurugika ghafla kwa sababu ya homa kali, upasuaji au dawa. Mizani yake ya ngazi tano, kuanzia 'Nakubali kabisa' hadi 'Sikubali kabisa', inatokana na kazi ya Rensis Likert ya mwaka 1932, nayo haina kasoro. Kasoro imo katika neno moja: mfasiri amewaita wagonjwa hao 'wenye wazimu'.

Wazimu hudhaniwa kuwa ni ugonjwa wa kudumu, na jina lenyewe limebeba aibu. Hali inayozungumzwa hapa huanza kwa saa au siku chache, hupanda na kushuka, na aghalabu huondoka chanzo chake kikitibiwa. Muuguzi akiulizwa kama anamwogopa 'mwenye wazimu', jibu lake litapima hofu ya neno, wala si mwelekeo wake kwa mgonjwa.

Wako watakaopendekeza 'kuweweseka'. Neno hili ni la asili, lakini linamhusu anayesema ovyo tu. Yuko mwingine aliyenyamaza, asiyesumbua wodi, naye ndiye asahaulikaye upesi. Istilahi isiyomgusa itamwacha nje ya hojaji kama anavyoachwa kitandani.

Kwa hiyo tunapendekeza 'mvurugiko wa ghafla wa fahamu'. 'Kuweweseka' libaki jina la dalili mojawapo. Wauguzi wenyewe watuletee maoni yao kabla hojaji haijapigwa chapa.