Mahekalu ya Dilwara: je, pambo limepita kiasi?

Juu ya mlima Abu, katika Uhindi, Wajaini wana mahekalu matano. La zamani kuliko yote lilijengwa mwaka 1031 na Vimal Shah, waziri wa mfalme. Lingine mwaka 1230, na ndugu wawili, Vastupala na Tejapala.

Kwa nje ni kuta tupu. Lakini ndani marumaru nyeupe imechongwa pote: nguzo, matao, dari, hata yungiyungi la jiwe lining'iniapo katikati ya kuba.

Wengine huuliza: dini ifundishayo kuacha mali, yafaaje kujipamba namna hii? Neno hili lina uzito. Katika hekalu la 1230 hasa, jicho halipati pa kupumzikia. Walakini tutazame vyumba vidogo vizungukavyo uwanja. Humo amekaa mmoja wa walimu wao 24, Tirthankara, miguu imekunjwa, mikono imetulia. Nguzoni watu wa mawe wanacheza, yeye hachezi. Basi pambo halikushinda fundisho, bali lamsindikiza mtu mpaka penye kimya. Hekalu la 1031 lafanya hivyo kwa sauti ya chini zaidi. Ndiyo sababu twaliweka mbele.