Kazi iko ya tatu, haiko ya kwanza

Bandugu, "Justice, Paix, Travail" iko ku barua nyingi za serikali, lakini mara mingi tunashika paka neno la mwisho. Tuangalie mufuatano.

Wakati wa Babeleji, devizi ilikuwa "Travail et Progrès": kazi mbele, haki haina mahali. Sisi tuliosoma agronomia tunajua ile kazi ilikuwa nini: tangu 1917, mulimaji alilazimishwa kulima pamba, na akikataa anapata azabu. Katanga ya Tshombe (1960-1963) ilichagua nguvu, tumaini na amani mu utajiri. Haki tena haikuandikwa. Mobutu akaweka "Paix, Justice, Travail". Kwangu ile inasema: nyamaza kwanza, haki utaiona nyuma. Nembo ya 2003 ilisema "Démocratie, Justice, Unité". Kisha katiba ya 2006, artikle ya kwanza, ikaweka haki mbele.

Mufuatano ule ni hoja, haiko mapambo. Kazi inakuja kisha haki, juu kazi bila haki tuliisha kuijua. Lakini hapa Lualaba, shamba likipotea juu ya mugodi, jibu ni moja: "Bana benu batapata kazi." Ile ni devizi ya Babeleji imerudi.

Kenya iko na "Harambee", Tanzania "Uhuru na Umoja". Mama wa soko anaelewa. Yetu inabakia mu Kifaransa. Tuiseme basi: Haki, Amani, Kazi. Mu mufuatano ule ule.