Nyota Isiyosema Kiswahili: Uhura katika Star Trek Mpya

Filamu ya Star Trek (2009), iliyoongozwa na J.J. Abrams, iliisuka upya hadithi iliyoanza kurushwa katika televisheni ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Wapenzi wake wa siku nyingi, nami nikiwamo, tumebishana sana kuhusu matukio yaliyogeuzwa na waigizaji waliobadilishwa. Kwa mhakiki wa Kiswahili liko suala jingine: lugha ya Luteni Uhura imekwenda wapi? Makala haya yanadai kwamba filamu mpya zimempandisha hadhi Uhura kama mwanaisimu, lakini zimemnyang'anya lugha yake.

Tuanze na jina. Uhura limetokana na uhuru, nomino iliyoundwa kwa kiambishi u- na kivumishi huru, chenye asili ya Kiarabu. Waundaji walibadili irabu ya mwisho ili jina lisikike la kike. Kanuni hiyo haimo katika Kiswahili. Katika orodha ya darasa lolote hapa Mapinga, Juma na Musa ni wavulana. Mariamu na Zainabu ni wasichana. Irabu -a haikuongeza uke wowote. Iliondoa maana tu, miaka mitano baada ya Tanganyika kupata uhuru wake.

Hata hivyo, Uhura wa kwanza, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, alikisema Kiswahili. Katika kipindi cha "The Man Trap" (1966), kiumbe kinachojigeuza sura kinamjia katika umbo la mwanamume anayezungumza naye Kiswahili. Katika "The Changeling" (1967), kumbukumbu zake zinafutwa. Anapofundishwa upya kusoma Kiingereza na kukwama, hasira yake inatoka kwa Kiswahili. Ni maneno machache, lakini dhana yake ni nzito: Kiingereza kinafutika, Kiswahili kinabaki.

Uhura mpya, anayeigizwa na Zoe Saldaña, ni msomi wa lugha. Katika filamu ya 2009 anashika nafasi ya ofisa asiye na hakika ya kutofautisha Kiromulani na Kivulkani, kwa kuwa yeye anazijua lahaja zote tatu za Kiromulani. Katika Star Trek Into Darkness (2013) anawakabili askari wa Kiklingoni peke yake, kwa lugha yao. Tukikumbuka filamu ya 1991, ambamo Uhura alipekua vitabu ili aunge sentensi ya Kiklingoni, haya ni marekebisho ya haki.

Kiswahili, kwa upande wake, kimebaki katika jina lake la kwanza: Nyota. Kirk analiuliza, ananyimwa. Baadaye analisikia kinywani mwa Spock. Jina limekuwa siri ya mapenzi. Pwani kwetu nyota ni dira ya nahodha, tena ni bahati ya mtu. Katika filamu hakuna hata anayeuliza maana yake.

Huenda ikatetewa kwamba katika karne ya 23 mashine hutafsiri lugha zote. Utetezi huo hausimami, kwani Kiklingoni kinasikika wazi na kufasiriwa kwa maandishi. Mwanaisimu Marc Okrand alikitungia sarufi kwa ajili ya filamu ya 1984, na kamusi yake ikatoka mwaka 1985. Lugha ya kubuni ilipewa mtaalamu. Lugha hai ikaombwa jina tu.

Katika vibanda vyetu vya video, msimulizi hutia Kiswahili kinywani mwa kila mhusika wa filamu ya kigeni. Usimulizi huo ni ubunifu wa kuheshimiwa, ila unaweza kuuficha upungufu huu: wote wakisema Kiswahili, nani atagundua kwamba Uhura hakukisema? Kwa hiyo uhakiki wetu hauna budi kuanzia kwenye sauti ya asili. Tunawafundisha wanafunzi kwamba Kiswahili ni lugha ya kesho, ilhali kesho wanayoonyeshwa imekibakiza katika jina, ikakiondoa katika mazungumzo.