Kipimo cha Ngazi katika Hadithi za Tovuti: Uhakiki wa African Storybook

Tovuti ya African Storybook, iliyofunguliwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Johannesburg, ina sifa moja isiyopatikana katika kitabu cha kiada: msomaji wake amepewa kalamu. Mwalimu aweza kusoma hadithi, kuitafsiri, kuirekebisha kwa ajili ya darasa lake, au kutunga nyingine mpya. Na maktaba ya shule yaweza kuzichapa hadithi hizo na kuziweka rafuni. Nchini Kenya, ambako serikali ilianza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi za umma mwaka 2016, chombo cha namna hii chastahili kuzingatiwa na wataalamu wa lugha.

Hata hivyo, manufaa ya chombo hayaondoi haja ya kukihakiki. Hadithi zimepangwa katika ngazi 5, na kigezo kimojawapo kikuu ni idadi ya maneno katika ukurasa. Kigezo hicho chakifaa Kiingereza, ambacho maneno yake mengi hayabebi viambishi vingi. Katika Kiswahili chapotosha. "Hatutawasomea" ni neno moja kwa anayehesabu, lakini lina sehemu 7: kikanushi, nafsi, wakati, yambwa, mzizi, kauli ya kutendea na kiishio. Kiingereza huhitaji maneno 6 kuyasema hayo. Basi mfasiri akiihifadhi hadithi ya Kiingereza katika ngazi ile ile ya chini, ukurasa wa Kiswahili huonekana mfupi zaidi, kumbe mzigo wa maana haukupungua hata kidogo. Mtoto akikwama hapo hudhaniwa kuwa mzito wa kusoma, ilhali kosa ni la kipimo.

Yaweza kujibiwa kwamba tahajia ya Kiswahili ni nyepesi, na kwamba mtoto aliyezijua silabi hulitamka neno lolote. Hoja hiyo ina ukweli, lakini yenyewe yaonyesha kuwa silabi hupima vema kuliko neno. Aidha, kutamka na kuelewa ni mambo mawili. Kwa hiyo viambishi navyo havina budi kuhesabiwa. Wala haifai kuyaepuka maneno marefu daima, maana kufanya hivyo ni kumnyima mtoto lugha yenyewe. Linalotakiwa ni mpangilio: "Baba analima" litangulie, "hatutawasomea" lifuate kwa wakati wake.

Njia ya kusahihisha imo ndani ya chombo chenyewe. Mwalimu aweza kuandika mahali wanafunzi wanapokwama, airekebishe sentensi, kisha ahifadhi toleo lake. Maktaba nayo iyaweke matoleo yote mawili ili yalinganishwe. Lakini mwalimu mmoja mmoja hawezi kubuni kipimo cha lugha nzima. Hiyo ni kazi ya idara za lugha za vyuo vikuu, na ingefaa ianze kwa Kiswahili, kisha Kikamba, Kigikuyu na lugha nyingine za Kibantu zinazounda maneno kwa njia hiyo hiyo.