Mlango Mpya, Waya wa Zamani

Nyumba nyingi za Dar es Salaam hukua kwa nyuma. Mtu anaanza na vyumba viwili na sebule, miaka inapita, kisha jiko la ndani, bafu na chumba cha watoto vinaungwa kwenye ukuta wa uani. Mwashi akishapandisha tofali anaitwa fundi umeme, naye mara nyingi hushika njia ya mkato: anafungua soketi iliyo karibu, anaunga waya, anatoboa ukuta. Taa zinawaka, analipwa, anaondoka.

Kosa la njia hiyo linaeleweka vizuri zaidi ukijua soketi zetu zilitoka wapi. Mwaka 1944 nchini Uingereza, kamati ya wataalamu 20, mwanamke pekee kati yao akiwa mhandisi Caroline Haslett, ilitoa ripoti kuhusu umeme wa nyumba zitakazojengwa baada ya vita. Humo ndimo ilimotoka plagi ya meno matatu bapa, iliyowekewa kiwango rasmi mwaka 1947 na ambayo leo imejaa Tanzania, Kenya na Uganda. Ikaja pamoja na saketi ya ringi: waya unatoka kwenye breka, unapita soketi zote, unarudi kwenye breka ile ile. Kila soketi inalishwa kutoka pande mbili. Ndiyo maana waya wa milimita 2.5 za mraba unaruhusiwa kukaa chini ya breka ya ampea 32 na kuhudumia eneo la hadi mita 100 za mraba. Shaba ilikuwa adimu, na ringi iliiokoa.

Sasa mwashi anavunja ukuta wa nyuma apate mlango wa jiko jipya. Ndani ya ukuta kuna paipu, na ndani ya paipu kuna waya wa ringi. Unakatwa, ncha zinafungwa tepu, plasta inapita juu. Hakuna atakayegundua, maana kila soketi bado inapata umeme kwa upande uliobaki.

Lakini ringi imekuwa mikia miwili, na breka ni ile ile. Fundi akiunga jiko jipya kwenye soketi ya mkia mmoja, birika la wati 3,000 kwenye volti 230 linavuta ampea 13, pasi ya wati 2,000 karibu 9, maikrowevu tano hivi. Jumla 27, zote zikipita kwenye waya mmoja ambao ndani ya paipu ukutani hubeba salama ampea 20 na ushee. Waya unachemka, breka ya 32 haina habari.

Kwa hiyo jengo jipya lianzie kwenye meni swichi. Taa zipate waya wa 1.5 na breka ya ampea 6 au 10. Soketi za jiko zipate saketi yao, za vyumba yao. Hita ya kuogea ya wati 5,500 inavuta ampea 24 peke yake, hivyo inadai waya wa 6, breka yake na swichi ya dabo poli nje ya bafu. Bafu lenyewe lisiwekwe soketi. Saketi hizi zote zipite kwenye kinga ya RCD ya miliampea 30, inayokata umeme unapovuja, na waya wa erthi ufike kila boksi, hata pale fundi anapodai si lazima. Mahali pa soketi papangwe baada ya kuchora kitanda, kabati na friji vitakaa wapi. Kazi ya karatasi na penseli hiyo, nayo ndiyo inayoepusha ekstensheni sakafuni.

Kabla ya plasta, mwenye nyumba apige picha za paipu zote, kisha amtake fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, azime umeme, afungue ncha za ringi ya zamani na kuzipima kwa mita: moto kwa moto, nyutro kwa nyutro, erthi kwa erthi. Zisiposomana, ringi imekatika, na breka ya 32 itolewe iwekwe ya 20 hadi waya utakapoungwa.